Njia ya Utumwa Haikuishia Tabora

Mwanafunzi wa sekondari katika Wilaya ya Karagwe au ya Kyerwa akiulizwa biashara ya watumwa ilifanyika wapi, aghalabu hujibu bila kusita: Zanzibar, Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Jibu hilo ni sahihi, na mwalimu humpa alama zake. Lakini ni jibu lenye pengo, na pengo lenyewe liko karibu mno na dawati la huyo mwanafunzi. Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani kilichokuwa si mbali na Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, hakimo katika jibu lake. Wala haimo njia iliyotoka Tabora, ikapita Usui, ikaingia Karagwe na kuvuka Mto Kagera kuelekea Buganda.

Pengo hili halikuanzia darasani. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia iliyopelekwa UNESCO. Vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kazi hiyo ilistahili pongezi, kwa kuwa ilikiri hadharani kwamba mateso ya njia hiyo ni sehemu ya historia ya taifa na si mambo ya kuonewa haya. Hata hivyo, orodha hiyo ilifuata mkono mmoja tu wa njia, ule uliokwenda magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Mkono wa kaskazini, uliofika Karagwe, haukutajwa.

Ili kuona kilichopotea Karagwe, inafaa kwanza kutazama mahali ambapo kumbukumbu za watu wa njia hiyo zimehifadhiwa vizuri zaidi kuliko pengine popote nchini, yaani kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichojengwa kando ya kanisa Katoliki la Bagamoyo.

Mapadre wa kwanza walifika Zanzibar mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 kazi yao ilichukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka bahari na kufungua misheni Bagamoyo. Waumini wa kwanza wa misheni hiyo hawakuwa wenyeji waliovutwa na mahubiri. Walikuwa hasa watoto na vijana walionunuliwa katika soko la Zanzibar kwa fedha za michango kutoka Ulaya, pamoja na wengine waliookolewa baharini wakati manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi ya wafanyabiashara. Walitoka katika makabila mengi ya bara. Wengi wao hawakuwa na lugha moja ya kuelewana ila Kiswahili walichojifunza njiani, kwa mtu ambaye hawakumchagua kuwa mwalimu wao.

Vijana hao walipokomaa waliozwa, wakapewa nyumba na kipande cha shamba. Nyumba zikaongezeka, zikawa kijiji. Misheni ilikumbwa na kipindupindu, kisha Aprili 1872 tufani kubwa ikabomoa majengo karibu yote, yakajengwa upya. Februari 1874 mwili wa Livingstone uliletwa hapo kutoka bara, ukiongozwa na Susi na Chuma, na ukalazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Msomaji asisahau kwamba huyo Chuma mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akaachiwa huru akiwa kijana. Baadaye familia kutoka Bagamoyo zilipelekwa bara kuanzisha vijiji vingine vya namna hiyo: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882. Na wakati wa vita vya Bushiri, 1888 hadi 1889, watu wa kila dini walikimbilia kwa maelfu katika mashamba ya misheni hiyo kutafuta usalama.

Haya yote ni ya kujivunia, lakini si vema kuyasimulia kama watalii wanavyopenda kusimuliwa. Aliyenunuliwa na padre alikuwa bado amenunuliwa. Hakuulizwa kama anataka dini hiyo, wala kama anataka kuishi pale. Kengele ndiyo iliyopanga siku yake: wakati wa sala, wakati wa jembe, wakati wa shule. Alifanya kazi katika mashamba ya misheni sehemu kubwa ya juma, na siku zilizobaki ndizo zilizokuwa zake. Ndoa yake ilisimamiwa na mapadre. Baadhi ya waliokombolewa walitoroka, na kutoroka kwao ni ushahidi kwamba walijua tofauti kati ya kukombolewa na kuwa huru. Mwalimu anayefundisha somo hili bila kutaja waliotoroka anafundisha nusu ya somo.

Kwa upande mwingine, anayeukejeli uhuru huo naye hakosi kosa. Kati ya shamba la karafuu la Unguja na nyumba yenye mlango wake katika kijiji cha Bagamoyo, hakuna mtu aliyekwisha kuonja minyororo ambaye angechagua la kwanza. Jambo lililo muhimu zaidi ni kwamba watu hao walipata mahali. Walizaa watoto wasiouzwa. Walizikwa makaburini, wakaandikwa vitabuni. Leo mtu akienda Bagamoyo anakuta njia ya miembe, makaburi, kanisa la zamani na makumbusho, na anaweza kusema: hapa waliishi watu fulani. Watumwa wengi wa Afrika Mashariki hawakupata hata hilo.

Umuhimu wa kuwa na mahali unaonekana pia mbali sana na hapa. Katika mji wa New Orleans, Marekani, uko mtaa uitwao Tremé, mmojawapo wa mitaa mikongwe ya watu weusi nchini humo. Mwaka 1841 weusi waliokuwa huru waliomba na kupewa na askofu wao ruhusa ya kujenga kanisa, na mwaka 1842 likafunguliwa kwa jina la Mtakatifu Augustino. Desturi ya wakati huo ilikuwa kila familia kukodi benchi lake kanisani kwa fedha. Familia za weusi huru zilikodi mabenchi yao, kisha zikakodi na yale ya pembeni na kuwaachia watumwa, ambao kwa sheria ya nchi ile hawakuwa na haki ya kumiliki kitu chochote. Wapo wanaojua historia ndefu ya Kanisa katika mabara yote, lakini ni vigumu kuonyesha tendo dogo lenye heshima kuliko hilo.

Mtaa huo haukuachwa salama. Mwaka 1966 miti mikubwa ya barabara ya Claiborne, iliyokuwa uwanja wa watu weusi wa pale kwa biashara na sherehe, ilikatwa ili barabara kuu ya juu kwa juu ipite. Agosti 2005 kikaja kimbunga cha Katrina. Mwaka 2006 wakuu wa jimbo wakaamua kuifunga parokia ya Mtakatifu Augustino. Waumini walikataa, baadhi yao wakaingia katika nyumba ya padre na kukaa humo, na mwaka huohuo parokia ikarudishwa. Waliweza kushinda kwa sababu walijua walichokuwa wanakitetea, na jirani zao walikijua. Miaka miwili kabla, mwaka 2004, waumini hao walikuwa wamejenga kando ya kanisa lao kaburi la Mtumwa Asiyejulikana: msalaba mkubwa wa minyororo ya chuma, na pingu zinazoning'inia. Hakuna mwili ndani yake. Limejengwa kwa ajili ya wale ambao hakuna kitabu kilichowaandika.

Hapana haja ya kudai kwamba mtu wa Karagwe alifika New Orleans. Waliochukuliwa kwa njia hii ya mashariki walipelekwa Unguja na Pemba, na wengine Uarabuni. Lakini asiyejulikana ni asiyejulikana, awe alivuka bahari ya magharibi au ya mashariki. Na katika Karagwe yote, pamoja na sehemu iliyokuja kuwa Wilaya ya Kyerwa mwaka 2012, wasiojulikana ni wengi kuliko wanaojulikana.

Yanayofahamika juu ya Kafuro ni machache, lakini yanatosha kuanzia. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameanza kupita Karagwe kabla ya katikati ya karne ya kumi na tisa. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika ikulu ya Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844. Speke na Grant walipoingia Karagwe Novemba 1861 walikikuta kituo cha Kafuro kikiwa hai. Mwaka 1876 Stanley alimkuta Ahmed bin Ibrahim mwenyewe akiishi hapo, mtu mwenye ng'ombe, pembe na watumwa. Bidhaa kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Pamoja nazo walikwenda watu, baadhi wakitoka Buganda na nchi jirani, wakipitishwa Karagwe kama ng'ombe wanavyopitishwa mnadani. Kwa upande wa pili wa mizani zilikuja nguo, shanga na waya za shaba.

Hapo ndipo penye ugumu wa historia hii, na bila shaka ndiyo sababu mojawapo ya kunyamaziwa kwake. Mtawala Rumanika, ambaye wageni wote wa Ulaya walimsifu kwa upole na ukarimu, alikuwa mwenyeji wa kituo hicho. Wafanyabiashara wa pwani walimsaidia alipogombania utawala na ndugu yake, na baadaye waliishi chini ya ulinzi wake. Nguo na shaba za Kafuro ziliingia ikulu. Kwa hiyo hadithi iliyozoeleka katika majukwaa, kwamba wageni walikuja wakawateka Waafrika nao Waafrika wakateseka, haitoshi kuieleza Karagwe. Wapo waliotekwa, wapo walioteka, na wapo waliopokea ushuru wakatazama pembeni. Kulisema hilo si kuwatetea wakoloni. Serikali ya Wajerumani nayo haikuufuta utumwa. Iliamuru tu kwamba watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na Tanganyika ilibidi isubiri hadi mwaka 1922 ndipo sheria ikaukomesha kabisa.

Je, kwa nini Karagwe haikupata kijiji kama cha Bagamoyo? Sababu ya kwanza ni ya tarehe tu. Ukatoliki uliingia Kagera kwa mlango mwingine. Mapadre Weupe walitua Bagamoyo mwaka 1878, wakaenda Buganda, na ilipotokea vita ya Wakristo kwa Wakristo huko Mengo mwaka 1892, Askofu Hirth alihamia upande huu wa mpaka na kufungua Kashozi mwaka huohuo. Misheni za Karagwe zilifuata baadaye, wakati misafara ya Kafuro ilikuwa imekwisha kufa. Mahali pengine ambapo mapadre hao waliwahi mapema, mambo yalikuwa tofauti. Huko Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, alifanya kazi tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956 Daktari Adrian Atiman, aliyeuzwa utotoni katika nchi za Sahara, akakombolewa na mapadre hao na kusomeshwa utabibu Malta. Karagwe haikumpata Atiman wake.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na inawahusu moja kwa moja watumishi na walimu wanaoishi katika wilaya hizi. Katika nchi za maziwa makuu, mtumwa ambaye hakupelekwa pwani aghalabu hakutengwa katika kijiji cha peke yake. Alimezwa ndani ya kaya. Mwanamke aliyetekwa aliolewa. Mtoto aliyetekwa alilelewa pamoja na wengine, akachunga ng'ombe na kupalilia migomba. Na kwa kuwa katika jamii ya Wanyambo mtu huulizwa kwanza ukoo wake na mwiko wake kabla ya jina lake, mtu asiye na ukoo hakuweza kuishi. Basi alipewa ukoo wa nyumba iliyompokea. Baada ya vizazi viwili au vitatu wajukuu zake hawakuwa na sababu ya kuulizwa, na wazee waliojua walinyamaza.

Wapo watakaouita unyamavu huo uongo. Ni haki zaidi kuuita huruma. Wazee hao waliwafanyia watu hao jambo ambalo mapadre wa Bagamoyo, pamoja na wema wao wote, hawakuweza kulifanya: waliwaondolea jina la utumwa wasije wakaitwa nalo tena. Mwana wa kijiji cha Bagamoyo aliendelea kujulikana kuwa mtu wa misheni, mtoto wa waliokombolewa. Mjukuu wa mateka wa Karagwe akawa Mnyambo. Kila njia ilikuwa na faida na hasara yake, na hasara ya njia ya Karagwe ndiyo inayoonekana leo: hakuna makaburi ya kuonyesha, hakuna kitabu, na mwanafunzi anajibu kwamba utumwa ulikuwa mambo ya Tabora.

Kwa hiyo mwalimu wa historia akiamua, kama inavyompasa, kuwatuma wanafunzi kwa wazee wakati wa likizo, hana budi kujua anagusa nini. Asimtume mtoto kuuliza nani alikuwa mtumwa wa nani. Swali hilo linaweza kuvunja nyumba iliyojengwa kwa miaka mia, na anayeliuliza hatajengewa nyingine. Yapo maswali mengi yasiyomdhalilisha mtu. Misafara ilipita kwenye kilima kipi na kuvuka mto wapi? Ni kisima gani walinywea? Shanga za namna gani zilibaki nyumbani, na bibi alizivaa siku gani? Ni jina gani la mahali au la mti lenye asili ya watu wa pwani? Majibu ya namna hiyo, yakiandikwa kwa tarehe na mahali, huweza kuchora ramani ya njia nzima bila kumtaja mtumwa mmoja kwa ukoo wake. Wala hakuna gharama ndani yake isiyowezwa na shule ya kata: madaftari, subira na adabu.

Ofisa wa halmashauri naye ana sehemu yake, na mara nyingi udhuru wake ni fedha. Lakini fedha hupatikana kwa yale yanayothaminiwa. Mwaka 2019 hifadhi mbili za taifa zilianzishwa katika eneo hili, Ibanda-Kyerwa na Rumanika-Karagwe, na mipaka yake ikapimwa na kuwekewa watu wa kuilinda. Ni jambo jema. Lakini linaacha hali ya kushangaza kidogo, kwamba jina la Rumanika sasa linafahamika kwa watu wengi kama jina la makazi ya wanyama. Mgeni atakayekuja kutazama wanyama hao atapenda pia kujua Rumanika alikuwa nani, na kijana wa kumwongoza aweze kumjibu, pamoja na yale ya Kafuro yasiyopendeza. Kupima eneo la kituo cha zamani na kulizuia lisigawiwe viwanja kabla wataalamu wa mambo ya kale hawajalichunguza ni kazi ya mihuri na barua kuliko kazi ya fedha.

Kanisa nalo, ambalo tangu mwaka 2008 lina jimbo lake Kayanga kwa ajili ya sehemu hizi, linashika ufunguo ambao Serikali haina. Mapadre wa zamani walikuwa watu wa kuandika. Shajara zao na vitabu vyao vya ubatizo, vilivyotunzwa kuanzia Kashozi na kuendelea, vinaweza kuwa na habari za watu waliofika misheni bila jamaa, watoto wasio na baba wa kuwasindikiza, wanawake waliotoka mbali. Vitabu hivyo vina siri za familia na havifai kuachwa wazi kwa kila mpita njia. Lakini mtafiti aliyeruhusiwa, chini ya masharti ya kuficha majina, angeweza kupata humo mengi ambayo wazee wamekwenda nayo.

Wilaya hizi haziwezi kusema kwamba hazijui habari za watu waliong'olewa makwao. Mwaka 1994 zilipokea wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu, na wananchi wengi wanaofundisha au kutumikia ofisini leo walikuwa watoto wakati huo na waliona kwa macho yao jinsi mtu anavyofika mahali bila kitu, bila jamaa, akiuliza maji yako wapi. Walioletwa Kafuro karne moja na zaidi kabla ya hapo walifika hivyohivyo, ila wao hawakuwa na hema wala kadi ya chakula.

Nchi zinatarajiwa kuipitia upya orodha ya awali ya urithi wa dunia mara kwa mara, angalau kila baada ya miaka kumi, na hakuna kanuni inayokataza mkono mwingine wa njia kuongezwa. Kinachohitajika ni maandishi: mahali, ushahidi, na maelezo ya jinsi pafaavyo kulindwa. Bagamoyo ilikuwa nayo kwa sababu mapadre waliandika. Ya Karagwe na Kyerwa hayajaandikwa bado, na wanaoweza kuyaandika wanakwenda kazini kila asubuhi Kayanga, Bweranyange, Nkwenda na Rubwera.